Amande ndani ya hesabu: namna ordinatere inaheshimu mpaka

Kila mtu anayesafiri kwa ziwa Kivu anajua hatari ya kupakiza kupita kipimo. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, na watu wengi walikufa. Ndiyo maana ulizo linarudi kila mara: amande inaweza kweli kumzuia mwenye bato? Watu wa hesabu wana ulizo kama hilo, na jibu lao linatusaidia kufikiri.

Ordinatere ikitafuta jibu bora, sawa vile njia fupi ao gharama ndogo, mara nyingi kuna mpaka ambao haupashwi kuvukwa. Kutafuta huku unalinda mpaka ni kazi nzito. Mwaka 1943, mwanahesabu Richard Courant, aliyefundisha New York, alitoa wazo hili: usifunge mpaka, uache wazi, lakini anayevuka alipe.

Tuchukue mfano. Bato inaruhusiwa tani 3, lakini mwenyewe anataka 5. Tuseme hasara yake ni umbali kutoka 5, mara umbali uleule. Akibeba 5, hasara ni 0. Akibeba 4, ni 1. Akibeba 3, ni 4. Sasa tuweke amande: tani zilizopita 3, mara zenyewe, mara kiwango C.

C ikiwa 1, jumla ndogo inapatikana kwa tani 4: hasara 1, amande 1, jumla 2. Amande iko, lakini yeye anavuka tu! C ikiwa 9, anabeba 3,2. Ikiwa 99, anabeba 3,02. Anakaribia mpaka, lakini hafiki kamwe 3 kamili. Juu ya nini? Juu amande ya kosa ndogo ni karibu bure.

Basi tupandishe C sana tangu mwanzo? Hapana. Hapo hesabu inakuwa kama bonde jembamba lenye kuta kali: ordinatere inayumba huku na kule, na makosa madogo ya tarakimu yanakuwa makubwa. Ndiyo maana wanaanza na C ndogo, wanaipandisha polepole, na kila jibu linakuwa mwanzo wa hatua inayofuata.

Kuna njia zingine mbili. Ya kwanza: kila tani iliyozidi inalipiwa bei moja, hata kosa likiwa dogo. Katika mfano wetu, bei ikiwa 2, mwenye bato anabeba bado 4. Ikifika 4 ao zaidi, anasimama kwa 3 kamili. Ya pili ni kizuizi cha ndani: malipo yanaanza kupanda mbele ya kufika mpaka, na karibu na mpaka yanapanda bila mwisho. Hapo jibu linabaki siku zote chini ya 3.

Chaguo linategemea kazi. Kama kupita kidogo hakuleti shida, amande inayopanda inatosha. Lakini kama kupita kidogo kunaweza kuua, kizuizi cha ndani ndicho kinafaa, juu kinamgeuza mtu mbele hajavuka. Amande inangoja mpaka uvukwe kwanza.