Kiwanda Kilichojenga Chuo Kikuu

Kampuni ya chuma ya POSCO ilipoanzishwa mwaka 1968 huko Pohang, Korea Kusini, nchi haikuwa na mtaji wala ujuzi wa kazi hiyo. Sehemu ya fedha ilitokana na mkataba wa mwaka 1965 na Japani, mkoloni wake wa zamani. Wahandisi nao walikwenda hukohuko kujifunza, na mwaka 1973 kiwanda kikaanza kuzalisha. Kufikia miaka ya 1980 mwanafunzi alikuwa amegeuka mshindani, na walimu wakawa wagumu kutoa mbinu zao. Ndipo mwasisi wa kampuni, Park Tae-joon, akageukia elimu: mwaka 1986 kikaanzishwa chuo kikuu, POSTECH, na mwaka uliofuata taasisi ya utafiti, RIST.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani anayenunua mtambo hununua majibu ya maswali ya mwingine. Tanuri la kawaida halipokei madini ya chengachenga, ila kwanza yachomwe yashikane. Na makaa ya mawe lazima yaokwe yawe koki. Hatua zote mbili ni ghali na huchafua hewa. POSCO na RIST, wakishirikiana na wahandisi wa Austria, walitafuta njia ya kuziruka, wakaiita FINEX. Mwaka 2007, baada ya zaidi ya miaka kumi ya majaribio, kilizinduliwa kiwanda cha tani milioni 1.5 kwa mwaka. Meneja anayedaiwa faida kila mwaka asingestahimili kungoja hivyo peke yake, na profesa asiye na tanuri asingepata pa kujaribia.

Wapo wanaohofu kwamba fedha za kampuni hugeuza chuo kuwa karakana yake. Hofu hiyo ina msingi, ila POSTECH haikufungiwa kwenye chuma: inafundisha fizikia, hisabati na biolojia, na mwaka 1994 ulikamilika hapo mtambo wa mionzi unaotumiwa na watafiti wa fani nyingi. Kinga ya chuo ni upana wa elimu yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mambo haya ni ya matajiri. Kweli, chuo kilikuja miaka 18 baada ya kampuni, faida ilipokwisha kupatikana. Lakini swali la utafiti halingoji faida. Chukua mfano wa Tanzania: chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimechanganyika na titani na vanadi, na titani ikizidi tanurini huufanya uchafu ulioyeyuka kuwa mzito, usitiririke. Mtambo uliobuniwa kwa madini ya kwingine hautalitatua hilo wenyewe. Kupima sampuli na kuwafundisha vijana metalojia ya madini hayo kunagharimu kidogo sana kuliko kujenga tanuri lisilofaa. Kwa hiyo mkataba wa uwekezaji wa chuma unaokisahau chuo kikuu una pengo, na pengo hilo huzibwa kwa urahisi zaidi kabla ya kutia saini.