Kutu ya Kijani katika Sarafu za Kilwa

Huko Kilwa Kisiwani, mvua inapoosha ardhi ya magofu au maji yanapokupwa, huonekana mara kwa mara visarafu vidogo vya shaba vilivyofunikwa na utando wa kijani. Vilipigwa na masultani wa Kilwa kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505, na vingi mno kati yake vina jina la Ali bin al-Hasan. Upande mmoja huwa na jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili hupatana kwa vina. Aokotaye sarafu hiyo hutamani kuyasoma maandishi, na lililo jepesi kwake ni kuisugua kwa ndimu au ukwaju, kama zisafishwavyo sinia za shaba. Kijani hutoweka, wekundu hung'aa, na mara nyingi maandishi nayo hayapo tena. Yamekwenda wapi?

Jibu limo katika namba za uoksidishaji, hesabu ambayo wanafunzi wengi huiona kavu. Atomi inapopoteza elektroni husemwa kuwa imeoksidishwa. Inapopokea elektroni husemwa kuwa imepunguzwa, na namba yake hupungua. Neno la kwanza limetokana na oksijeni, kwani wataalamu wa zamani walilitambua tendo hili katika kuungua na kushika kutu, ingawa oksijeni si sharti. Namba yenyewe ni mfano wa daftari la mwenye duka: huonyesha atomi imetoa au imepokea elektroni ngapi, ikichukuliwa kwamba elektroni za kila muungano zimekwenda kwa atomi yenye mvuto zaidi. Elementi iliyo peke yake ina 0. Katika misombo inayohusika hapa oksijeni ina −2, haidrojeni +1, na klorini −1. Jumla ya msombo mzima haina budi kuwa 0.

Sasa itazamwe sarafu. Shaba iliyotoka kwa mfua sarafu ina 0. Hewa na unyevu huigeuza kwanza kuwa oksidi nyekundu, Cu₂O. Oksijeni ina −2, basi kila atomi ya shaba ina +1. Tabaka hili hushikamana na chuma chake, na aghalabu ndilo linalohifadhi sura ya asili pamoja na herufi. Lakini pwani ya Kilwa na Lindi ina chumvi hewani na mchangani. Kloridi hupenya na kufanya CuCl, ambamo shaba ina +1 vile vile. Ikipata unyevu na hewa, CuCl haitulii:

4CuCl + O₂ + 4H₂O → 2Cu₂(OH)₃Cl + 2HCl

Katika Cu₂(OH)₃Cl, oksijeni tatu zina −6, haidrojeni tatu +3, klorini −1. Jumla ni −4. Hivyo atomi mbili za shaba zina +4, yaani kila moja +2. Huu ndio unga wa kijani. Atomi 4 za shaba zimetoa elektroni 4. Atomi 2 za oksijeni zimepokea elektroni 4. Hesabu imekubali. Ubaya uko mwishoni mwa mlinganyo: nusu ya klorini imetoka tena kama asidi, nayo huiendea shaba iliyokuwa bado nzima:

4Cu + 4HCl + O₂ → 4CuCl + 2H₂O

CuCl imepatikana upya, na safari inaanza tena. Hivyo sarafu huweza kuendelea kuliwa hata ndani ya kabati la makumbusho, miaka mingi baada ya kutolewa mchangani.

Je, ndimu hufanya nini? Haipunguzi chochote katika kile kijani. Asidi yake huyeyusha unga, na shaba iliyokuwa +2 huondoka na maji ikiwa +2 ile ile. Tabaka jekundu nalo hushambuliwa: atomi moja ya +1 huipa mwenzake elektroni, hii ikawa +2 na kuyeyuka, ile ikarudi 0 kama chembe zisizoshikamana. Herufi zilizokuwa zimebaki katika tabaka hilo humwagwa pamoja na maji.

Upunguzaji wa kweli waweza kuonyeshwa darasani. Msumari safi ukitiwa katika maji ya mrututu (ule uliotumiwa zamani kuchoma vidonda), hupakwa wekundu baada ya dakika chache:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Chuma kimetoka 0 hadi +2, shaba imetoka +2 hadi 0. Hapa hakuna oksijeni huru iliyohusika. Makumbusho ya zamani yalitumia njia ya jamii hii, kwa zinki na sodiamu haidroksaidi, lakini shaba iliyorejea haikurudi mahali pake katika herufi. Mwalimu yeyote aonaye wekundu ulivyotapakaa juu ya msumari atafahamu kwa nini.

Kwa hiyo sarafu iokotwapo isioshwe wala isisuguliwe. Iwekwe pakavu, mahali ilipoonekana paandikwe, na habari ipelekwe kwa wasimamizi wa mambo ya kale, kama itakavyo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Vikizuka juu yake vidoadoa vya unga wa kijani hafifu, ni dalili kuwa CuCl imo ndani na bado inapata unyevu.