Bomba la Kuzimia Moto Lisiwe Bomba Lolote

Kimisagara, wilayani Nyarugenge mjini Kigali, nyumba zimesongamana mlimani, na vichochoro vingi havipitishi gari la zimamoto la Polisi. Ghala au hoteli yenye vinyunyizio darini hujilinda dakika za mwanzo.

Lakini kinyunyizio ni mdomo tu. Uhai wake ni bomba na viungo. Kichupa chekundu cha kioo kilichozoeleka hupasuka joto lifikapo nyuzi 68 za Selsiasi. Bomba la kawaida la PVC hulegea karibu na nyuzi 80: maji yatamwagika pasipotakiwa, na moto utazidi kuwaka.

Chuma na shaba nyekundu ndivyo vifaavyo. Plastiki ya CPVC iliyopimwa kwa kazi hiyo hukubaliwa penye hatari ndogo, kama makazi na ofisi, maji yakiwamo bombani daima. Kanuni ya Marekani, NFPA 13, hutaka viungo vistahimili msukumo usiopungua baa 12. Shaba isigusane na chuma, kwani chuma kitalika.

Mwenye jengo na asome alama zilizochapwa juu ya kiungo kabla ya kulipa. Tahadhari kabla ya hatari.