Marekani: Rubani mwenye leseni ajifunza upya kuruka bila injini

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya kampuni ya Air Canada ilizimika injini zote mbili ikiwa angani nchini Kanada, na watu 69 ndani yake. Mafuta yalikuwa yamekwisha kwa sababu wakati wa kuyapima, ratili zilihesabiwa kama kilo. Kapteni Robert Pearson alikuwa pia rubani wa planeri, yaani ndege isiyo na injini. Aliilaza ndege ubavu ili ishuke haraka bila kuongeza kasi, akatua Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi. Wote walisalimika.

Nchini Marekani, rubani wa ndege ya kawaida anaweza kuongeza planeri kwenye leseni yake. Masharti ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, ni mepesi kwa mtu aliyekwisha kuruka saa 40. Anatakiwa kupata saa 3 ndani ya planeri, na katika muda huo aruke peke yake mara 10. Lazima pia aruke mara 3 na mwalimu kujiandaa kwa mtihani, katika miezi 2 kabla ya mtihani wenyewe. Harudii mtihani wa maandishi. Hadaiwi hata cheti cha daktari, mradi hana ugonjwa anaoujua unaoweza kumzuia kuruka salama.

Lakini wepesi huo uko kwenye karatasi tu.

Miguu iliyolala

Shida ya kwanza iko miguuni. Planeri ina mabawa marefu, mara nyingi mita 15 au zaidi. Rubani anapoilaza ili apinde kushoto, pua huvutwa kwanza upande wa kulia, mpaka akanyage pedali ya kushoto kurekebisha. Katika ndege nyingi ndogo zenye injini kosa hilo halionekani sana, na miguu huzoea kulala. Kwenye planeri linaonekana mara moja: uzi mfupi uliobandikwa nje ya kioo, mbele ya macho ya rubani, huenda upande.

Maisha ya mtu mwingine

Mara nyingi planeri huvutwa na ndege yenye injini kwa kamba ya mita 60 hivi. Hapo mwanafunzi habebi maisha yake peke yake. Akipanda juu kupita kiasi, kamba inainua mkia wa ndege iliyo mbele na pua yake inaelekea ardhini. Karibu na ardhi, rubani wa mbele anaweza kukosa nafasi ya kujiokoa. Ndiyo maana kila upande una kifaa cha kuachia kamba, na mwanafunzi anafundishwa kuachia mara tu asipoiona tena ndege inayomvuta.

Mwalimu pia huachia kamba kwa makusudi, bila kutoa taarifa, wakiwa kwenye mita 60 hivi. Mwanafunzi hana muda wa kufikiri. Ageuke kurudi uwanjani, au atue mbele? Jibu linatakiwa liwe tayari kabla ya magurudumu kuacha ardhi, kwa kutazama upepo na urefu wa uwanja.

Kutua mara moja tu

Rubani wa kawaida akiona anatua vibaya, huongeza nguvu ya injini na kuzunguka tena. Katika planeri hakuna nafasi ya pili. ASK 21, planeri ya mafunzo inayojulikana sana, ikiwa na kilomita 1 ya urefu inaweza kwenda kilomita 34 hivi katika hewa tulivu. Ila upepo wa mbele na hewa inayoshuka hupunguza umbali huo, kwa hiyo rubani huchagua mahali pa kutua mapema.

Hata hivyo planeri si dawa ya kila ajali. Chesley Sullenberger, aliyetua na Airbus katika mto Hudson tarehe 15 Januari 2009 na watu 155 wakapona, alikuwa na leseni ya planeri. Yeye mwenyewe alikataa dai kwamba hiyo ndiyo iliyowaokoa, akieleza kwamba Airbus ni tofauti kabisa.

Anayefaulu mtihani bado ana mpaka. Aliyefunzwa kuvutwa na ndege haruhusiwi kuongoza planeri inayovutwa kutoka ardhini mpaka mwalimu amfundishe na kumtilia saini.