Mgonjwa Anayeogopa Mlango wa Zahanati

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa methali hii. Leo, ndugu msomaji, tujiulize sisi: ni nini kinachomfanya mgonjwa afiche? Tuwatazame watu ambao wengi wao wamezoea kuficha: wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia.

Daktari hutibu kwa kufuata maelezo anayopewa. Mwanamume anayelala na wanaume, akiogopa kusema, huenda asipimwe magonjwa ya zinaa yanayomkabili. Mwanamke anayependa wanawake huweza kuacha kupima saratani ya mlango wa kizazi akidhani haimhusu, ilhali kirusi kinachoisababisha huambukizwa hata kati ya wanawake. Na aliyechekwa mapokezi mara moja hurudi kwa shida, hata kama dawa ni za bure. Ndiyo maana watu hawa hubaki nyuma kiafya hata pale ambapo dawa zipo.

Historia ya UKIMWI inatufundisha. Tarehe 5 Juni 1981 ilichapishwa Marekani taarifa ya vijana watano wa kiume wa Los Angeles, wote wapenzi wa jinsia moja, waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Miaka iliyofuata wagonjwa wengi walikimbiwa. Wapo wahudumu walioacha sahani za chakula mlangoni wakiogopa kuingia chumbani. Mjini New York, hospitali ya Kikatoliki ya St. Vincent's ilifungua wodi ya wagonjwa hao mwaka 1984. Mkesha wa Noeli 1985, Mama Teresa wa Calcutta alifungua katika jiji hilohilo nyumba ya kuwatunza waliokuwa wakifa kwa UKIMWI. Masista wake walishika mafundisho yaleyale tunayofundishwa sisi, nayo hayakuwazuia kumlisha na kumwosha mgonjwa.

Hofu hiyo ipo hata karibu nasi. Nchini Uganda, Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023 iliwataka watu kutoa taarifa polisi juu ya waliowashuku. Baada ya hapo, vituo vya huduma za VVU mjini Kampala viliona wagonjwa wakipungua. Anayeacha dawa huacha virusi viongezeke mwilini, na baadhi ya wanaume hawa wana wake nyumbani. Hatari humfikia mke, na kwa njia yake mtoto. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria hiyo isimame, lakini ikafuta vifungu vichache, kikiwamo hicho cha kutoa taarifa, kwa kuwa viligongana na haki ya afya, faragha na uhuru wa dini. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunaijua thamani ya siri ya kitubio. Mgonjwa naye ana haki ya siri ya daktari.

Je, kumhudumia mtu huyu ni kubariki kila analotenda? Hapana. Kanisa linafundisha kwamba matendo ya ushoga hayakubaliki. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 2358, inatutaka tuwapokee watu hawa kwa heshima na huruma, na kuepuka kila aina ya ubaguzi usio wa haki. Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alisema waziwazi kwamba kuwa shoga si jinai.

Wengi wetu kesho tutakuwa walezi wa parokia zenye zahanati. Tuhakikishe basi kwamba faili la mgonjwa halisomwi na asiyehusika, kwamba haulizwi zaidi ya yale ambayo tiba inadai, na kwamba hahubiriwi akiwa kwenye foleni ya dawa. Msamaria mwema alifunga majeraha kwanza, wala hakuuliza mtu yule aliishije kabla ya kuangukia mikononi mwa wanyang'anyi.