SHIMO MOJA, SI MASHIMO KUMI

Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo hapa Amani mwaka 1902. Tangu walipoondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uvumi wa mali waliyoifukia haujapata kukoma. Ushahidi wa mali hatujauona. Wa mashimo tumeuona. Nayo dhahabu ilipozuka Sakale mwishoni mwa mwaka 2003, maelfu ya watu waliingia msituni, na tope likateremka katika mto Zigi, ambao maji yake hunywewa mjini Tanga.

Ndani ya hifadhi kuchimba ni marufuku, wala hapo hatuna la kuongeza. Lakini huko mashambani, mwenye kibali na mashine ya kutafutia madini hana udhuru wa kufukua robo eka kwa ajili ya msumari mmoja.

Kosa kubwa ni pupa. Mashine ikilia, jembe huinuka papo hapo. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, nao hunong'ona wenyewe. Kwa hiyo kwanza mashine ipatanishwe na ardhi, kwa kuinua na kushusha sahani yake mahali pasipo na kitu. Ikishalia, sahani ipitishwe kushoto na kulia kwa mapigo mafupi, na mstari uchorwe ardhini pale sauti inapokuwa kali. Kisha mtafutaji ageuke robo ya mzunguko, apitishe tena, achore mstari wa pili. Kitu kipo pale mistari inapokatana. Geuzo hili lisipuuzwe, maana sahani nyingi husikia katika mstari mzima tangu ncha hadi kisigino, si katika nukta moja. Sauti ikiwa bado imetapakaa, ukali wa mashine upunguzwe. Ikisikika mara mbili karibu karibu, huenda ni msumari uliolala, unaoita kwa ncha zake mbili.

Ndugu zetu wa visiwani wanaijua thamani ya mahali hasa. Sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, zilizopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilifukuliwa na wataalamu kwa utaratibu, nazo zimethibitisha kwamba watawala wa pwani hii walifua sarafu zao karibu miaka 1,000 iliyopita. Zingechotwa kwa jembe na kuuzwa sokoni, zingebaki vipande vya fedha tu. Huku bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kufukua vitu vya namna hiyo.

Tunawaomba wenye mamlaka ya kutoa vibali waongeze sharti moja. Sarafu ya shaba ifukiwe katika udongo wa Amani, mwombaji aonyeshe kwa kijiti ilipo. Akikosea kwa zaidi ya upana wa kiganja, arudi nyumbani akajifunze.