Poti 3389 na Maficho Yasiyoficha: Kuhudumia Kompyuta za Ofisi kutoka Mbali

Miongoni mwa maswali ambayo wanagenzi wa TEHAMA huyauliza mara wanapokabidhiwa jukumu la kuhudumia kompyuta za ofisi kutoka mbali, lipo moja linalorudi bila kuchoka, nalo ni hili: poti 3389 ibadilishwe iwe namba ipi ili wadukuzi wasiione? Jibu ni kwamba namba hiyo haipo, na kwamba anayeuliza amekwisha kukosea kabla ya kufika kwenye swali, kwa kuwa swali lenyewe linachukulia kuwa kompyuta ya ofisi imekwisha kuanikwa mbele ya intaneti nzima na kwamba kilichobaki ni kuitafutia namba nzuri.

Poti ni namba inayoiwezesha kompyuta kutofautisha huduma moja na nyingine katika anwani ileile ya mtandao. Huduma ya Microsoft ya kuendesha kompyuta iliyo mbali, ambayo hujulikana kwa kifupi kama RDP na ambayo ilianza kutolewa mwaka 1998 katika toleo maalumu la Windows NT 4.0, husikiliza katika namba 3389 isipokuwa imeelekezwa vinginevyo. Fundi anayetaka kuifikia akiwa nyumbani huingia kwenye ruta ya ofisi, akaiagiza ipitishe kila ombi linalofika katika namba hiyo hadi kwenye kompyuta ya mhasibu. Kisha, kwa kuwa amesikia kuwa 3389 inajulikana na kila mtu, huibadilisha iwe 3390 au 33389, akaenda kulala akiamini amejificha.

Imani hiyo ingekuwa na mashiko kama utafutaji ungefanywa kwa mkono. Anwani zote za IP za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap iliyoweza kuzipitia zote kwa poti moja katika muda usiofika dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja ya kawaida yenye muunganisho wa gigabiti moja kwa sekunde. Poti nazo ni 65,535 tu kwa kila anwani, na kuzikagua zote katika anwani moja ni kazi ya dakika, si ya siku. Asiyetaka hata usumbufu huo huenda kwenye Shodan, injini ya utafutaji iliyoanza mwaka 2009, ambayo huorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti pamoja na huduma vinazozitoa. Zaidi ya hayo, kinachoitambulisha huduma si namba yake bali namna inavyojibu: programu ya ukaguzi hutuma ujumbe wa kwanza wa mazungumzo ya RDP, na kompyuta yenye huduma hiyo hujibu kwa namna isiyofanana na huduma nyingine yoyote, kisha hutoa cheti cha usimbaji ambacho, ikiwa hakuna aliyekibadilisha, kimebeba jina la kompyuta yenyewe. Kompyuta iliyopewa jina la UHASIBU-01 hujitaja hivyo kwa yeyote aliyeiuliza, iwe katika 3389 au katika 51000, na ni vigumu kuelewa ni maficho gani hayo ambamo aliyejificha huitika anapoitwa.

Watetezi wa dawa hii ya kubadilisha poti hukimbilia kumbukumbu za matukio za Windows, ambamo kila jaribio la kuingia lililoshindwa huandikwa kama tukio namba 4625, wakaonyesha kwamba baada ya poti kubadilishwa majaribio yalipungua kutoka maelfu hadi machache. Ni kweli yatapungua, kwa sababu programu hafifu zinazobisha 3389 peke yake zitapita bila kusimama. Lakini waliopungua ni wale ambao nenosiri refu na utaratibu wa kuifunga akaunti baada ya makosa kadhaa vingewazuia vyovyote vile, ilhali waliobaki ni wale waliojishughulisha kutafuta. Kelele zimepungua, hatari iko palepale, na sasa fundi hana hata sababu ya kuzisoma kumbukumbu zake.

Hapo huletwa hoja ya pili, kwamba nenosiri likiwa gumu yatosha. Lakini tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu wa RDP uliopewa jina la BlueKeep, ambao katika matoleo kadhaa ya zamani ya Windows ulimwezesha mshambuliaji kuendesha maagizo yake kabla ya kuulizwa jina wala nenosiri, hususan pale ambapo haikuwashwa NLA, yaani kipengele kinachodai utambulisho kabla kikao hakijaanzishwa. Uzito wa jambo hilo ulikuwa kiasi kwamba hata Windows XP, ambayo ilikuwa imeachwa bila msaada tangu mwaka 2014, ilitengenezewa kiraka. Mnamo Septemba 2018 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilikuwa limekwisha kutoa tahadhari ya hadhara kwamba RDP inazidi kutumiwa na wahalifu, wakiwemo wasambazaji wa programu za utekaji data, ambazo husimba mafaili ya ofisi na kudai fidia ili yafunguliwe.

Katika ofisi nyingi ndogo za Afrika Mashariki zinazotegemea ruta ya laini ya simu, jambo hili la kufungua poti lina kichekesho chake. Kampuni za simu mara nyingi hugawa anwani moja ya umma kwa wateja wengi kwa pamoja, kwa hiyo maagizo ya kupitisha poti hayafanyi kazi kabisa, na mwanagenzi, baada ya kuhangaika jioni nzima, huishauri ofisi inunue anwani ya umma isiyobadilika. Ofisi hulipa kila mwezi ili iondolewe kinga ambayo ilikuwa imeipata bure.

Iko pia sababu nyingine ya kuliacha swali la poti, nayo ni kwamba katika huduma ya kila siku RDP mara nyingi siyo chombo kinachohitajika. Fundi akiingia kwa RDP katika Windows ya kawaida, skrini ya mtumiaji aliyeketi mbele ya kompyuta hujifunga, hivyo mtumiaji hawezi kuonyesha kosa linapotokea wala kuona linavyorekebishwa, na matoleo ya Home hayapokei kikao cha RDP hata kidogo. Kumsaidia mtu aliyepo kunahitaji programu ya kushiriki skrini, kama vile Quick Assist ya Windows, ambamo mtumiaji huingiza msimbo wa usalama aliopewa na fundi, kisha akakubali mwenyewe; na pale dirisha la kuomba idhini ya msimamizi linapojitokeza na skrini ya fundi ikawa nyeusi, huo si ubovu wa mtandao bali ni ulinzi, na aliye mbele ya kompyuta ndiye anayepaswa kulijibu.

Njia zinazofaa ni chache na zinajulikana. Kwa kompyuta isiyo na mtu, itumike VPN, yaani njia iliyosimbwa inayomwingiza fundi kwanza kwenye mtandao wa ofisi, na hapo WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, ina sifa ambayo kubadilisha poti hakutaileta kamwe, kwa kuwa haimjibu asiye na ufunguo; ofisi kubwa zaidi iweke lango la RDP linalopita poti 443 pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. NLA iwashwe, viraka viwekwe, fundi awe na akaunti yake mwenyewe badala ya kuazima ya msimamizi, programu za zamani za kuingilia zilizoachwa na mafundi waliotangulia ziondolewe, na mtumiaji aarifiwe kabla skrini yake haijatazamwa, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Fundi asizime kadi ya mtandao ya kompyuta aliyomo, wala asibonyeze Zima pale alipokusudia Anzisha Upya, maana kompyuta ya mbali iliyozimika humsubiri mwenye kidole karibu.

Ofisi ambayo poti yake bado iko wazi iifunge leo kwenye ruta, kabla hata ya kuchagua njia mbadala; fundi atakayelazimika kupanda daladala kwenda ofisini kwa siku mbili tatu hatakuwa amepoteza kitu.